Barua Moja Bila Tusi

Lubumbashi, Bel-Air
tarehe 12 mwezi wa munane 1973

Kwa marehemu Chola, muuza-samaki wa Pweto,

Nimesikia haujakufa bado. Pole sana. Hapa tumesha kununua unga ya matanga yako, na sasa mama anauliza ataipikia nani.

Mama amechungulia nyuma yangu, amesoma hiyo mustari, anapiga kelele: "Jeannot, karatasi inabaki! Tukana kwa mudomo, si kwa karatasi!" Nikamujibu: mama, Chola ni muvyala wangu, mutoto wa shangazi yangu kabisa. Mutoto wa shangazi, kama haumutukane, atazani kuna kitu kibaya nyumbani. Mama anajua ni kweli, kwa sababu yeye na bavyala bake, kama banakutana ku soko, bantu banazani ni vita.

Sasa fungua masikio, kama samaki hazijayaziba. Miye mwenye kuacha masomo mwaka wa pili ya sekondere, miye mwenye mwalimu alisema kichwa yangu iko sawa ngoma, leo niko namba mbili mu ekipe, timu ya Bel-Air ya mbio ya mbali. Kilomita makumi mbili na tano, Chola! Weye ukikimbia mpaka ku choo unapumzika njiani mara mbili. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja, siku ya feti, sikukuu ya serikali, mashindano inatoka Makomeno, inaenda mpaka njia ya Kafubu na kurudi. Batatu ba kwanza bataandikwa kazi mu atelye, karakana ya kompani yenye kulipia mashindano. Kazi ya kweli: overoli, unga kila mwezi, na kadi ya lopitalo, matibabu ya bure kwa mama. Mama ataacha kuuza makala. Kifua yake imechoka na ile vumbi, hata kama anasema hapana.

Antrenere yetu, citoyen Ngosa, mwenye kutufundisha mbio, iko na siri yake. Nyuma ya kartye, mtaa wetu, kuko shimo kubwa, bantu balichimba udongo ya brike, ya matofali, likajaa mayi. Kila jioni, kiisha kukimbia, tunaingia mpaka kiuno, tunasimama nusu saa. Mayi baridi inakaza musuli. Bamama banafua pembeni, batoto banaoga, siye tunasimama sawa nguzo za umeme. Ni Kabwe peke yake anakataa. Anaogopa mayi, anajimwangia ndoo ya bomba kwao. Tunamuita Mademwazele, sawa binti asiyeolewa.

Sasa siri ya banaume, usimusomee shangazi. Tangu mwezi wa saba, nikikojola, mwisho inatoka nyekundu. Siku ya kwanza nilimukimbilia antrenere. Ngosa akacheka: "Mashini mupya inatosha kutu kwanza, inaitoa nje. Ni damu ya uvivu inatoka." Kumbe ekipe yote inatosha kutu, isipokuwa Mademwazele! Asubuhi tunajipanga ku ukuta, tunapima nani mwekundu zaidi. Miye premye, wa kwanza. Hata Ngosa alinipigia mikono.

Tuma samaki na Mutale, shofere wa kamyo. Bakubwa, si zile za kulisha paka kama mara ya mwisho.

Mzishi wako,
Jeannot

(Ku envelope andika Mwape tu. Majina ya wazungu serikali imekataza, na sasa bwana ni citoyen, bibi ni citoyenne. Humu ndani niite vile unataka, ila si vile uliniita mwaka jana.)


Pweto
tarehe 30 mwezi wa munane 1973

Kwa marehemu Jeannot, miguu ya korongo,

Barua yako ilifika na nzi kumi na mbili. Hata zenyewe zilikufa kiisha kuisoma. Mama anakusalimia. Nimemusomea yote, na siri ya banaume kwanza.

Sikia, weye mujinga wa Bel-Air. Hiyo haiko kutu. Ni bilarzi, kichocho. Mu ile mayi muko konokono, ndani ya konokono munatoka kamududu kadogo, haukaone na macho, kanapita mu ngozi wakati umesimama pale sawa nguzo. Hautasikia hata kuwashwa, ao kidogo tu. Kanaenda kujenga nyumba karibu na kibofu, kanataga mayai, na mayai inachana njia yake ya kutoka. Njo maana unaona damu. Miye nilikuwa nayo mwaka jana. Munganga wa dispansere, zahanati ya hapa, alinipa bidonge siku saba, mukojo yangu ikawa sawa kahawa. Nilipona.

Kama hauendi kutibiwa, utakufa, na miye nitakuja kula bukari ya unga yote ya matanga yako na majani ya sombe mingi. Nitavaa viatu vyako vya kukimbia ku kaburi. Nitaoa muchumba wako, kama ungekuwa naye.

Mwambie na huyo Ngosa, mashini yake itaharibika yote.

Samaki kumi ndani ya kitunga. Uhesabu mbele ya Mutale, ana njaa.

Mzishi wako,
Chola


Bel-Air
tarehe 14 mwezi wa kenda 1973

Kwa marehemu Profesere Chola, munganga wa konokono,

Nimecheka mpaka mama alileta mayi ya kunywa. Konokono mu kibofu! Miaka yote nimekutukana, sijapata kutunga kitu ya namna hiyo. Kamududu kanajenga nyumba! Iko na dirisha? Inalipa kodi?

Nimeisoma mbele ya ekipe yote, ku shimo, tumesimama ndani ya mayi. Bakalia na kicheko. Ngosa mwenyewe alishika tumbo. Ile fasi uliandika "nitavaa viatu vyako ku kaburi" niliisoma mara tatu, banapiga makofi. Sasa jina yangu ni Konokono. Nikipita njiani batoto banaita: "Konokono, umebeba nyumba yako?" Umeniharibia jina, mbwa weye. Nitakulipa.

Ni Kabwe peke yake hakucheka. Aliuliza: "Huyu Chola alisoma wapi?" Nikamwambia: alisoma ndani ya tumbo ya samaki.

Mbio inaendelea. Wiki hii nilikuwa wa ine, si wa pili tena, kwa sababu ya viatu, pua ya kiatu imefunguka. Na pilipili ya mama: nikikojola inachoma kidogo. Nimemwambia apunguze. Analalamika tangu lini mutoto wake anaogopa pilipili.

Samaki zilikuwa kenda. Muulize Mutale.

Mzishi wako mwenye afya,
Jeannot


Pweto
tarehe 29 mwezi wa kenda 1973

Kwa marehemu Jeannot,

Weye kichwa ya ngoma, mwalimu alikuwa na haki. Hii mara sichezi. Naapa kwa kaburi yako. Haiko pilipili. Chukua chupa safi, kojola ndani, matone ya mwisho hasa, saa ya mchana, ipeleke ku dispansere. Na utoke mu ile shimo, chura weye.

Kama unazani ninakudanganya, muulize munganga yeyote. Kama hauko na akili ya kumuuliza, mutume Mademwazele, anaonekana ni mwanaume peke yake kati yenu.

Nimekasirika kweli. Ukifa hivi sitakuja hata kukula.

Mzishi wako,
Chola


Bel-Air
tarehe 21 mwezi wa kumi 1973

Kwa marehemu Chola, mwenye kuapa kwa kaburi yangu,

Hiyo ya kuapa nimeiweka mu akiba. Nitaitumia ku harusi ya muntu.

Leo nakuandikia ile weye na samaki zako zote hamuwezi kufanya. Kompani ilisema mukimbiaji yeyote lazima apite vizite, apimwe na munganga mbele ya mashindano, na alete mukojo mu chupa. Ekipe ikaogopa. Ngosa anasema kutu ni kitu ya kawaida, lakini baganga banaandika sana, bakiona rangi batatafuta jina ya ugonjwa. Sasa tutafanya nini? Bote wakaniangalia. Miye niliacha masomo, sikuacha akili.

Nikaenda kwa Mademwazele na chupa sita tupu na ndizi. Nikamwambia: Kabwe, ndugu yangu, kunywa mayi. Akakunywa ndoo nusu. Alikuwa anatoka nyuma ya nyumba na kuingia, anatoka na kuingia, mama yake akazani ameshikwa na tumbo. Saa ya nne chupa zote zilikuwa zimejaa, na yake ya saba. Zinang'aa sawa mayi ya bomba! Tukabandika majina.

Tukapita bote. Mufirmye, nesi wa ku dispansere, citoyenne Ngalula, mwenye miwani, aliandika SAFI mara saba. Nina karatasi yangu. Munganga alisema: muntu mwenye afya. Muhuri na sinyatire, sahihi yake. Njoo sasa na konokono zako tushindane na muhuri.

Siku hizi nakimbia kwa akili, si kwa haraka. Jana Kabwe alinipita, nilimwachia kwa heshima ya chupa. Usiku naamka mara ine, tano. Ni mayi mingi tunakunywa. Mama anasema nimekonda, namwambia bakimbiaji banene banakimbia wapi?

Imebaki mwezi mumoja na siku tatu. Mama amesha kumwambia jirani habari ya kadi ya lopitalo.

Mzishi wako mwenye muhuri,
Jeannot


Pweto
tarehe 8 mwezi wa kumi na moja 1973

Ndugu Mwape,

Salamu kwako na kwa mama. Sisi hapa tuko wazima.

Nimeuliza mama kwanza kama naweza kukuandikia hii, akasema andika. Inamuhusu Godefroid.

Unakumbuka matanga ya yaya wangu Godefroid, kaka yangu mukubwa, miaka tatu sasa. Ulikuja na kamyo, ukavaa koti yake, ukalala ku kitanda yake, ukakataa kuamka mpaka bakuletee kuku. Bantu bakacheka. Mama alicheka, ile mara moja tu mu siku zote zile. Ulifanya vile muvyala anapashwa kufanya. Hatukukasirika, mpaka leo tunakushukuru.

Tuliwaambia bantu ni figo. Ilikuwa kweli, lakini hatukusema ilianzia wapi, kwa sababu tulisikia haya. Godefroid alikojola damu tangu alikuwa na miaka kumi na mbili. Hapa ku ziwa batoto bote banaingia mu mayi, na tulikuwa tunasema mutoto akiona damu amekuwa mwanaume. Baba alimuchinjia kuku siku ile. Damu ilienda, ikarudi, miaka na miaka. Alikuwa na nguvu, ulimuona akivuta nyavu. Kiisha ikaanza kuchoma, akaanza kuamka usiku mara ine, tano. Akakonda. Mwaka wa mwisho uso ulikuwa unavimba asubuhi. Siku tano za mwisho hakukojola kabisa. Miye njo nilikuwa namugeuza ku kitanda. Alikuwa na miaka makumi mbili na ine.

Yeye alikwenda miaka kumi na mbili bila dawa. Weye una miezi mine. Munganga wa hapa anasema kwa muntu kama weye bidonge inatosha na figo inabaki nzuri. Nilimuuliza mara mbili.

Nenda kwa ile citoyenne Ngalula na chupa yako mwenyewe. Mwambie na habari ya zile sita. Usipomwambia, karatasi itaendelea kusema uko mzima, na hakuna muntu atakutafuta. Wengine watano nao wako na bamama.

Nimeacha kazi ya leo ili Mutale aondoke na hii barua mukononi, si mu kitunga. Nimemwambia akupe weye mwenyewe.

Ndugu yako,
Chola Mutombo


Bel-Air
tarehe 27 mwezi wa kumi na moja 1973

Chola,

Mutale alifika na barua yako tarehe 16. Alinikuta njiani natoka kukimbia. Nikaifungua palepale, nimesha kuanza kucheka, kama bantu banacheka mbele ya chakula. Nikasoma "Ndugu Mwape". Nikageuza karatasi nyuma. Nikaangalia ndani ya envelope kama tusi imebaki mule. Nikamuuliza Mutale: "Hakuna ingine?" Akasema: "Alinipa hii moja, na hakunitania hata miye." Njo nikaogopa. Nikaikala pembeni ya njia mbele ya kusoma mustari ya pili.

Nikaenda nayo mpaka ku shimo. Bote balikuwa mu mayi. Bakaita: "Konokono! Profesere ameandika? Soma!" Nikasoma, nimesimama ku udongo mukavu. Ku mwanzo balicheka, kwa mazoea tu. Kiisha mumoja akauliza: "Tusi iko wapi?" Nikasema, nangojea nayo. Nikasoma mpaka jina yako ya mwisho. Hakuna muntu alicheka. Kila mumoja wetu iko na muvyala, Chola. Kila mumoja anajua hiyo barua ni ya namna gani. Mumoja akatoka mu mayi, akatafuta kiatu. Kiisha mwingine. Ngosa akabaki peke yake mule, anasema: "Ni hadisi ya bantu ba ziwa." Lakini alisema polepole, na alikuwa anaangalia mayi.

Asubuhi nikaenda ku dispansere. Nilikuwa na hotuba nzuri nimetayarisha. Citoyenne Ngalula alivua miwani, hotuba ikakimbia. Nikaweka chupa ku meza. Yangu. Akaiangalia, akaniangalia, akasema: "Na ile ya mwezi wa kumi?"

Nikasema: "Ya Kabwe."

"Na ya wenzako?"

"Ya Kabwe, mama."

"Bote sita?"

"Alikunywa ndoo nusu."

Nilizani atacheka. Hakucheka. Alisema: "Nilipanga zile chupa saba ku dirisha, nikasema, Bel-Air inalea bijana ba ajabu. Ningeweza kuwapa dawa ile siku. Umeniibia mwezi mumoja wa kazi yangu, na mwezi mumoja wa afya yako pia." Kiisha akaniita ku mikroskope. Niliangalia, Chola. Kuko kayai kadogo, karefu, na mwiba ku mukia. Nyingi. Nikauliza hizi zote zinafanya nini. Akajibu: "Zinatafuta njia ya kutoka. Weye njo ukuta."

Tulikwenda bote sita na chupa za kweli. Munganga akararua karatasi zenye muhuri mbele yetu, moja moja. Akasema ekipe ya Bel-Air haikimbie, isipokuwa Kabwe. Tulikula bidonge siku saba. Haukuniambia ile kahawa inanuka vile! Na kichwa inazunguka, tumbo inakataa bukari. Siku ya feti nilikuwa nimelala ku mukeka mu barza, nikasikia fanfare ya tarumbeta inapita mbali.

Kabwe alikuwa wa pili. Bamemwandika kazi. Alikuja jioni na medali, akaikala karibu na mama, akasema: "Mama, mukojo yangu imekwenda vizite mara sita na haikupata kazi. Miguu tu njo imepata." Mama alicheka mpaka akakohoa. Hakuna kadi ya lopitalo mwaka huu. Yeye njo alisema: "Makala haijaisha." Kiisha akaniwekea uji.

Citoyenne Ngalula anasema figo yangu iko muzuri. Nitarudi kwake kiisha miezi mbili na chupa. Yangu. Ametuma bantu ba kuweka mbao ku shimo: MAYI MUBAYA. Bamama banauliza watafulia wapi, kwa sababu bomba iko mbali. Siye ba ekipe sasa tunabeba ndoo za bomba kwa zamu na kuwaletea bamama. Usicheke. Ni mazoezi, mikono pia inakimbia.

Na Ngosa. Alikaa siku kenda bila kuonekana. Kiisha alikuja kwetu asubuhi na kitu amefunika na gazeti. Aliniuliza tu: "Dispansere inafungua saa ngapi?" Nikamusindikiza. Njiani akasema alianza kutosha kutu mwaka wa 1958.

Ile koti ya Godefroid bado ninayo. Nilikuwa navaa bila kufikiri. Sasa nimeifua, nimeitundika. Mwambie shangazi kama anaitaka nitamupa Mutale.

Chola, nakuomba kitu moja. Tangu ile barua nalala mubaya kuliko na bidonge. Mama anaona kila kitu. Ameniuliza kama kwenu bote muko bazima. Andika haraka, na unitukane. Sana.

Jeannot


Pweto
tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 1973

Kwa marehemu Jeannot, kahawa ya Bel-Air, nyumba ya kukodi ya konokono, mukimbiaji wa ku mukeka,

Koti ubaki nayo. Mama anasema utaivaa ku matanga yangu, na hautapata kuku, utapata mukia wa samaki.

Mutale amebeba samaki kumi na mbili. Moja ni ya citoyenne Ngalula, ile kubwa. Moja ni ya Kabwe, kwa kazi ya ndoo nusu. Zako ni zile za paka.

Mzishi wako,
Chola